Kulifuata Gunia Hadi Jikoni

Siad Barre, rais wa Somalia, alipokimbia Mogadishu Januari 1991, sisi wa Mombasa habari hiyo tuliiona kwa macho kabla ya kuisikia vizuri redioni. Majahazi na mashua za kila namna ziliingia zimesheheni watu kutoka Mogadishu, Barawa na Kismayu: wazee, wajawazito, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasije wakaanguka baharini. Waliokuwa na jamaa walipokewa majumbani, Mji wa Kale, Majengo, Kisauni. Waliokosa pa kufikia waliwekwa kambini. Utange ndiyo kambi wengi wanayoikumbuka, lakini zilikuwapo nyingine: Swaleh Nguru, Benadir, na Marafa kule upande wa Malindi. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni zikafungwa, na watu wake wakahamishiwa kambi za Dadaab na Kakuma huko bara, wengine wakachukuliwa ng'ambo. Kijana wa leo anapita Utange hajui kwamba palikuwa na mji mzima wa maturubali.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Mama yangu alikuwa mpishi wa arusi, na mpishi wa arusi wa Mombasa huwa na masufuria ya kulisha mtaa mzima. Akina mama walipoamua kupeleka chakula Utange, masufuria yetu ndiyo yaliyotangulia, nami nikatangulia nayo. Kazi yangu yote ya misaada ya chakula ilianzia kwenye mwiko, na naamini hilo ndilo lililonifanya niitazame kutoka upande wa jikoni. Wenzangu wengi niliokuja kufanya nao kazi waliianza kutoka upande wa ghala.

Pande hizo mbili zina tofauti kubwa. Ukiwa ghalani, chakula kimefika pale mtu anapotia dole gumba na kuondoka na gunia lake. Ukiwa jikoni, hapo ndipo unapoanza kuuliza. Nani atalibeba? Litasagwa wapi, kwa pesa gani? Kuni ziko? Maji yako? Na huyu atakayekula ana meno, ana mate, ana nguvu ya kutafuna?

Miezi ile ya mwanzo tulipeleka chakula kilichopikwa. Wali, maharagwe ya nazi, samaki siku alipopatikana. Iliwezekana kwa sababu watu hawakuwa wengi mno, na kwa sababu Wabarawa hasa tulikuwa tukila nao chakula kimoja na kusikilizana nao. Chimini chao na Kiswahili chetu ni ndugu. Lakini watu walizidi kuingia, na uwezo wa mtaa una kiasi chake. Mashirika yakauchukua mzigo, yakaleta chakula kikavu: mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Hapo ndipo bibi mmoja wa Kibarawa aliponiita hemani kwake akanionesha mahindi yake ndani ya karai.

"Mwanangu, haya nashukuru. Lakini kinu sina, meno sina, kuni sina. Nitayafanyaje?"

"Bibi, hukupewa unga?"

"Ningepewa unga ningekuita?"

Nikayabeba mpaka kwa mwenye mashine Kisauni, nikalipa, nikamrudishia unga. Aliniombea dua ndefu sana. Kesho yake nilipofika, nje ya hema lake walikuwa wamenisubiri wanawake wengine, kila mmoja na mahindi yake.

Bibi yule alikuwa ameandikishwa. Kadi alikuwa nayo, jina lake lilikuwa limetiwa alama, kilo zake zilikuwa kamili. Katika daftari lolote duniani angehesabiwa kuwa mtu aliyelishwa, naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma ripoti ya ugawaji nikaridhika na tani zilizoandikwa mle. Tani huniambia kilichotoka ghalani. Kilichofika tumboni lazima niende nikakione.

Miaka kadhaa baadaye shirika moja liliniajiri kusimamia ugawaji Dadaab. Kambi tatu za kwanza, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 zikikusudiwa watu 90,000. Nilipofika walikuwa wamepita hesabu hiyo zamani. Chakula chao kilitokea nyumbani kwangu. Meli inatia nanga Kilindini na mtama au ngano shehena wazi, unatiwa magunia ya kilo 50 pale pale bandarini, makuli wanapakia, godauni za Shimanzi na Changamwe zinajaa, kisha trela zinashika njia. Nyingine hupitia Nairobi na kuteremka Garissa, nyingine hupitia Malindi, Garsen na Hola kuufuata mto Tana. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilipozikata barabara zile, Ifo ikajaa maji, na misaada ikabidi ipelekwe kwa ndege. Watu wa Mombasa wanayaona malori hayo kila siku yakiwazuilia njia Changamwe. Ningependa wajue kwamba mengine yamebeba chajio cha mtu.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii sikuwahi kumwona mgeni akiifanya anapotembelea kambi. Binadamu hukadiriwa kuhitaji kilokalori 2,100 kwa siku katika hali ya dharura. Mgao kamili wa kawaida huanzia kwenye nafaka kama gramu 400 kwa mtu kwa siku, halafu jamii ya kunde, mafuta, unga wa uji ulioongezwa virutubishi uitwao unimix, na chumvi. Dadaab tulikuwa tukigawa mara mbili kwa mwezi. Familia ya watu sita kwa siku 15 itapata nafaka peke yake kilo 36. Ongeza njegere kavu, ongeza mafuta, ongeza unga: mzigo unapita kilo 40. Aliyekuja kuuchukua ni mama mwenye mtoto mgongoni na mimba tumboni, na hema lake liko mwisho wa kambi, jua la Dadaab limesimama utosini.

Atauchukuaje? Kwa hamali mwenye punda au mkokoteni. Hamali atalipwa nini? Kata mbili tatu za mtama ule ule. Mashine ya kusaga nayo inataka chake, pesa au unga. Kisha kuni. Njegere kavu zilizokaa ghalani muda mrefu haziivi upesi. Zinaweza kuchemka nusu ya siku na bado zikakukodolea macho. Kuni za karibu na kambi zilikwisha miaka mingi, na wanawake waliokwenda kuokota mbali porini walivamiwa na kubakwa. Haya yalijulikana, yaliandikwa, na bado wanawake walikwenda. Mwenye kuogopa alinunua kuni kwa wenye mikokoteni, na pesa ya kuni ilitoka kwenye mafuta ya mgao. Kwa hivyo kabla sufuria haijatengwa jikoni, sehemu nzuri ya chakula imeshakwenda kulipa gharama za kukila hicho kilichobaki.

Ndiyo maana nakereka, na nitaendelea kukereka, ninaposikia mtu anasema wakimbizi wanauza msaada kwa hivyo wameshiba. Nimeyasikia Nairobi maofisini na nimeyasikia Mombasa barazani. Mama anauza mafuta anunue kuni. Anauza mtama anunue maziwa ya mtoto, au nyanya, au ndimu. Tazama ule mgao: una nafaka, una kunde, una mafuta yaliyotiwa vitamini A, una chumvi yenye ayodini. Mboga hauna, tunda hauna. Mtu anaweza kushiba kwa mgao huo miezi na miezi na ufizi wake ukaanza kutoka damu. Kiseyeye kimewahi kuzuka kambini zaidi ya mara moja katika eneo hili la Pembe ya Afrika, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua katika hadithi za mabaharia. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wakijikinga nao kwa maziwa ya ngamia. Ukishamtoa mtu kwenye ngamia wake ukampa mtama mtupu, ndimu ile anayoinunua kwa mtama wako ni dawa.

Utange tulikuwa na bahati ambayo hatukuijua kuwa ni bahati: soko la Kongowea halikuwa mbali. Mtu akipata shilingi mbili tatu anapata mchicha, ndimu, dagaa. Mabaharia na wachuuzi wa Kibarawa walipata vibarua mjini. Bibi zetu walioka mkate wa mofa kwa unga wa mtama na kuuuza jioni. Kambi iliyo karibu na mji ina milango mingi. Dadaab ina mlango mmoja, nao ni siku ya mgao.

Siku hiyo basi ina uzito wake. Watu wanapanga foleni kwa ukubwa wa familia, mtu mmoja mmoja upande huu, wawili wawili upande ule, wanaingia korido moja baada ya nyingine: nafaka, njegere, unga, mafuta, chumvi. Anayechota ana kata iliyokatwa kwa kipimo. Sisi wa Pwani tumekulia kwenye vibaba na pishi, tunajua kwamba kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu, ni vitu viwili, ingawa chombo ni hicho hicho kimoja. Mchotaji akiipangusa kata kwa kiganja kila mara, akipunguza gramu 20 tu, ukizidisha kwa watu elfu kumi umeshapata magunia manne ya bure nyuma ya godauni. Wakati mwingine si wizi, ni uchovu wa mkono tu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mizani iliyowekwa mlangoni pa kutokea, mahali pa wazi, na kamati ya wanawake wa kambi wenyewe iliyokaa hapo na haki ya kumrudisha mtu ndani akaongezewe. Mizani iliyofichwa ofisini haina faida yoyote.

Oktoba 2013 alama za vidole zikaanza kutumika kwenye vituo vya mgao, Dadaab na Kakuma. Kadi zilizokuwa zikinunuliwa na kuuzwa zikakosa thamani, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wako wazee ambao vidole vyao vimesagika kwa jembe, kwa kamba za kisima, kwa miaka, na mashine haiwasomi. Mzee mmoja alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya kijana wa mashine akasema: "Mwanangu, vidole ni hivi nilivyopewa na Mungu, sina vingine." Utaratibu ulikuwapo wa kumteua mtu amchukulie. Swali kwangu siku zote lilikuwa nani aliyeteuliwa. Jirani? Mwana wa kambo? Mtu anayekuchukulia chakula chako ana mamlaka juu yako kuliko chifu. Nilijizoeza kuwatembelea wazee wa namna hiyo baada ya siku ya mgao, bila ya kutangaza, na kuomba maji ya kunywa. Ukikaa kwa mtu ukanywa maji, utaona jiko lake kama lina jivu jipya.

Lakini kabla ya mashine hizo ulikuja mwaka 2011.

Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, Bakool na Shabelle ya Chini, yameingia katika baa la njaa. Shabelle ya Chini ndiyo yenye Barawa. Mombasa nzima ilikuwa na mtu wa kumlilia. Watu zaidi ya elfu moja kwa siku walikuwa wakiingia Dadaab, wengi kwa miguu, na usajili ulikuwa umezidiwa, hivyo wakajijengea vibanda vya fito na matambara pembezoni mwa kambi, nje kabisa ya mipaka yake. Kule pembezoni ndiko nilikopangwa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia, na nikawaona watu waliokuwa na njaa tangu Mei wakifunga.

Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu. Mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, mzunguko wa mkono wake ukiwa chini ya milimita 115, ni nyekundu. Kati ya 115 na 125 ni manjano. Zaidi ya hapo ni kijani. Ni kitu chepesi, hata mama mwenyewe anaweza kufundishwa akakitumia, na ni kizuri kwa sababu hakimngoji mtoto aonekane mgonjwa. Mtoto wa nyekundu mwenye hamu ya kula anapewa Plumpy'Nut, pakiti ya gramu 92 ya karanga, maziwa, mafuta na sukari, yenye kilokalori 500, anailamba bila ya kuongezwa maji wala kupikwa. Aliyepoteza hamu ya kula analazwa, anaanzishiwa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache usiku na mchana. Ukiushindilia chakula kizito mwili uliokwisha zoea kukosa, moyo unaweza kusimama. Hili watu wa nyumbani lilikuwa gumu kwao kulikubali. Huruma inataka kujaza sahani.

Na Mombasa ilitoa. Misikiti ilikusanya, maduka ya Biashara Street yalitoa, akina mama walitoa bangili. Malori yalikuja na mchele, tende, unga wa ngano, na lori moja likaja na maziwa ya kopo ya watoto, katoni kwa katoni. Aliyeyaleta alikuwa mfanyabiashara mzee, amesafiri nayo mwenyewe. Muuguzi aliyekuwa zamu, binti wa Kigiriama, aliyazuia yasigawiwe. Yule mzee alikasirika mpaka mikono ikamtetemeka. "Watoto wanakufa mbele yenu nanyi mnakataa maziwa?" Binti akamkalisha kivulini, akamwambia kwa heshima kabisa:

"Ami, maji ya kuyachanganyia yako wapi? Chupa itachemshwa kwa kuni zipi? Mtoto atayanywa siku mbili aanze kuhara, na siku hizo mbili ziwa la mamake litakuwa limeanza kukauka. Mlishe mama, ami. Mama akila, mtoto atanyonya."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Mwisho maziwa yale yalichanganywa makavu na unga wa uji kabla ya kugawiwa, ili yasiwe na njia ya kutiwa chupani, na yeye akarudi Mombasa akaleta tende na mafuta kwa ajili ya wanaonyonyesha. Nimefanya kazi na wataalamu wenye shahada nyingi. Maelezo yaliyokwenda moja kwa moja kwa mwenye kutoa, bila ya kumvunja moyo, kama ya binti yule, sijayasikia tena.

Plumpy'Nut nayo ilikuwa na jambo lake. Mtoto anapewa pakiti za wiki nzima, na nyumbani ana ndugu watano. Mama gani atamlambisha mmoja na wengine wanatazama? Wafanyakazi wapya waliandika kwenye fomu kwamba mama "hafuati maelekezo". Mimi niliwaambia waifute sentensi hiyo. Mtoto yule alipona pale tu nyumba nzima ilipopata chakula cha kutosha pamoja na pakiti zake, na kila tulipochelewesha mgao wa jumla, watoto wa nyekundu walirudi wale wale. Msaada wa mtoto dhaifu hauwezi kutenganishwa na sufuria ya familia yake.

Oktoba mwaka huo wafanyakazi wawili wa misaada walitekwa Dadaab. Shughuli nyingi zikasimama, ikabaki chakula, maji na matibabu. Tulifanya kazi kwa ulinzi wa polisi, kwa saa chache. Miezi hiyo waliogawa chakula hasa ni wakimbizi wenyewe, na waligawa vizuri. Sioni kwa nini ilingoje hatari ndipo tuwaachie.

Jambo moja linasahauliwa sana na wanaokuja kutoka mbali: wenyeji. Ukame uliowaangusha Wasomali wa ng'ambo ya mpaka uliwaangusha na Wasomali wa Kenya wa Garissa. Mzee aliyepoteza ng'ombe wake wote analiona lori la mtama linapita mbele ya manyatta yake kumpelekea jirani wa jana. Hakuna ukuta unaoweza kulinda kambi ikiwa mzee huyo ameachwa na njaa. Wako wenyeji waliojiandikisha kama wakimbizi ili wale, na wajukuu wao mpaka leo wanahangaika kupata kitambulisho cha Kenya kwa sababu alama zao za vidole zilikutwa upande wa wakimbizi. Kwa sahani ya mtama, mtu alipoteza uraia.

Bamba Chakula ilipoanza Kakuma mwaka 2015 na kufika Dadaab mwaka uliofuata, sehemu ya mgao ikawa pesa ya simu inayotumika kwa wenye maduka walioteuliwa. Mimi niliipenda, na bado naipenda. Ajuza asiyeweza kubeba kilo 40 alianza kununua kidogo kidogo, unga uliokwisha kusagwa, mayai, nyanya. Siku moja ajuza mmoja wa Hagadera aliniita, "Abaayo, dada, njoo uone," akanifunulia sufuria: wali na mnofu wa mbuzi. Lakini tulijifunza haraka kwamba mwenye duka anakuwa ghala jipya. Laini za simu zilishikwa rehani kwa ajili ya deni, na pesa ikiingia yeye ndiye wa kwanza kujua. Bei zilipanda siku ile ile ya malipo. Kama hutembei madukani ukaulizia bei, utaendelea kuandika kwamba familia imepata thamani ya kilo kumi, na imepata kilo saba.

Mwaka 2025 Marekani iliupunguza mkono wake, na mgao Kenya ukateremshwa hadi asilimia 28 ya mgao kamili. Hesabu hiyo ni chini ya kilokalori 600 kwa mtu kwa siku. Kakuma watu waliandamana. Kisha, Agosti, ukaja utaratibu mpya wa kuwagawa wakimbizi makundi manne kwa kadiri ya uhitaji: kundi la kwanza lina mgao mkubwa kuliko mengine, la nne halipati chakula kabisa.

Sitasema kwamba kuchagua ni dhambi. Chakula kikiwa hakitoshi, kumpa kila mtu kijiko ni njia nyingine ya kumuua aliye dhaifu. Lakini nimekaa na orodha kama hizo muda mrefu, na najua zinavyochakaa. Kijana anaandikwa kundi la nne kwa sababu ana duka dogo. Duka lake linaishi kwa kukopesha majirani wanaolipa mgao ukiingia. Mgao ukipungua, majirani hawalipi, na ndani ya miezi miwili mwenye duka na mwenye deni wako sawa, ila mmoja bado ameandikwa tajiri. Tena kuna wale wanaopikia chungu kimoja nyumba tatu, mwenye kundi la kwanza akiwalisha wa kundi la nne, basi anayehesabiwa kulindwa anakula theluthi. Orodha inafaa ikiwa inaweza kupingwa upesi na mtu asiyejua kusoma, na ikiwa inapitiwa upya kila baada ya muda mfupi. Dawati la malalamiko liwe ndani ya mtaa wa kambi, chini ya mti, na akae mtu anayesema lugha ya watu hao.

Niko nyumbani Mombasa sasa. Vijana wa msikiti wetu walianza mwaka jana kukusanya chakula cha kupeleka Dadaab kabla ya Ramadhani, wakaniomba niwaelekeze. Fikira yao ya kwanza ilikuwa kulijaza lori mahindi, kwa kuwa mahindi ni rahisi na yanaonekana mengi kwenye picha. Tulizungumza jioni kadhaa. Lori litabeba unga uliosagwa, mafuta, tende na dagaa wakavu, katika vifurushi vya kilo kumi ambavyo mwanamke mmoja anaweza kuvibeba. Pesa zilizobaki zinakwenda kwa mwenye mashine wa Hagadera awasagie wazee mtama wa mgao wao bila malipo, na kwa hamali wawili wenye punda wa kuwafikishia mlangoni. Orodha hatuiandiki sisi. Inaandikwa na akina mama watatu wanaoishi kule, wanaojua ni nyumba ipi haijatoka moshi tangu juzi. Juma hili wametuma majina ya kwanza, wengi wao ni wazee wanaoishi peke yao, na pembeni ya kila jina wameandika kama mtu huyo ana jiko au hana.